Mkono wa Ezekiel Thorpe

Walianza na kifo, kwa sababu theluji ya Virginia isingewasubiri. Tamthilia za televisheni ndivyo zinavyotengenezwa: mtu anaweza kuzikwa Januari na kuoa Agosti. Basi mwigizaji Lowell Pruitt alikufa kwanza, akiwa Ezekiel Thorpe, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani, kikongwe asiyeweza kufikisha kikombe mdomoni. Chai ilimwagika kifuani na mkono ukatetemeka hata mpiga picha akafuta machozi.

"Mkono huo utakuletea tuzo," alisema Marty Kessel, mwongozaji.

Lowell alitabasamu tu. Mkono haukuwa unaigiza. Daktari alikwisha kumwambia kwamba ugonjwa ule hauna kurudi nyuma.

Sasa ilikuwa Julai. Katika ukumbi wa matofali, chini ya taa zinazounguza, Thorpe alitakiwa awe mtu wa makamo, achovye unyoya kwenye wino na kutia saini hati ya uhuru. Kampuni ikijua kuwa Lowell ni mgonjwa, nafasi yake itapewa mtu mwingine na picha zote za theluji zitatupwa. Maisha yake yote alikuwa ametangaza sabuni na magari ya mitumba. Kazi moja tu aliyowahi kuifanya ikamridhisha moyo ilikuwa kile kifo.

Verna, mpambaji, alimpaka poda shingoni. Yeye alijua, maana ndiye aliyemnyoa ndevu kila asubuhi.

"Umekula?" alinong'ona.

"Nitakula nikishatia saini."

"Basi utakufa njaa, babu wee."

Mara ya kwanza wino uliruka ukachafua hati. Waigizaji waliocheza wajumbe, jasho likiwatiririka chini ya nywele za bandia, waliangua kicheko. "Bwana Thorpe, uhuru wenyewe umeshauloweka!"

Mara ya pili alikishika kiganja cha kulia kwa mkono wa kushoto.

"Lowell! Uzee tumeshaupiga picha, ndugu yangu. Uache nje!" Kessel alipaza sauti.

Mara ya tatu unyoya uligonga mdomo wa chupa ya wino, ti-ti-ti-ti, mpaka fundi wa sauti akavua vifaa vyake masikioni na kumtazama. Hakuna aliyecheka tena.

Kessel alimvuta nyuma ya ukuta wa mbao uliopakwa rangi uonekane wa mawe.

"Marty, ule mkono wa wakati wa theluji..."

"Nyamaza!" Kessel alikuwa amepauka. "Usiniambie. Ukiniambia nitakuwa nimejua, na nikijua itabidi nipige simu. Umenielewa? Umechoka. Ni joto."

"Ni joto," Lowell alikubali.

Walimleta Dwight, mmoja wa wajumbe, mwenye mkono unaofanana na wake. Dwight alipiga magoti chini ya meza, akapitisha mkono ndani ya koti la Lowell, ukatokea kwenye mkono wa shati lenye marinda. Mkono wa Lowell mwenyewe ulifungwa mgongoni kwa mkanda.

"Usinitekenye, mzee," Dwight alisema kutoka chini.

"Andika tu, bwana."

Kamera ikaanza. Mkono ule mgeni ulichovya unyoya, ukaandika Ezekiel Thorpe bila wasiwasi wowote. Lowell aliutazama ukienda, mzuri, mtiifu, na uso wake ukajaa kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa popote.

"Kata!" Kessel hakumtazama. "Tumeipata. Kesho ni farasi. Thorpe anapeleka habari, anavuka mto mbio. Uso wako uonekane, kwa hiyo utapanda mwenyewe."

Watu walitawanyika kwenda kutafuta maji ya barafu. Verna alifungua mkanda, na mkono ulipokuwa huru ukaanza tena, ukigonga paja la Lowell. Mwenyewe aliutazama kama mbwa wa jirani asiyekoma kubweka.

"Verna, baba yako si alikuwa anafuga farasi kule Kentucky?"

"Alifuga. Kwani?"

"Kesho unifunge mkono kwenye hatamu. Ndani ya glavu, pasionekane. Fundo lisilofunguka."

"Na farasi akianguka mtoni? Utatokaje?"

Lowell alichukua kitambaa, akajaribu kujifuta poda. Kitambaa kikamponyoka kikaanguka. Verna hakukiokota, naye Lowell hakukiinamia.

"Lisilofunguka," alirudia.