Panki na Mashine ya Upepo

Msumari aliudharau mji ule tangu alipojua kusoma mabango yake. Mji gani huo, alisema, duka likipakwa rangi watu wanakwenda kutazama? Alimdharau mkuu wa ukumbi wa burudani wa mji kwa viatu vyake vya ncha kali. Alimdharau kinyozi aliyempigia gitaa, mwanamume mwenye ndevu zake anayemwogopa mamake. Na kuliko wote alimdharau mjomba wake, mwenye gereji, ambaye ndiye aliyemlea na kumpa kazi ya kupiga msasa magari.

Mjomba huyohuyo ndiye aliyewapa kona ya mazoezi nyuma ya gereji, kati ya rundo la matairi na milango iliyobonyea. Walikuwa watatu, kundi la panki, muziki wa makelele na hasira, la kwanza mjini na, Mungu akipenda, la mwisho. Msumari, msichana pekee kati yao, aliimba, kinyozi alikwaruza gitaa, na ngoma zilikuwa za Bubu, mtoto wa mjomba, muuza vipuri asiyefungua kinywa mpaka aulizwe bei. Nyimbo zao hazikuzidi dakika mbili, na katika dakika hizo Msumari aliutukana mji mtaa kwa mtaa.

Lakini kila jioni, wakishika vyombo tu, mjomba naye aliwasha mashine ya upepo ya kupulizia rangi. Ilikuwa kuukuu, inakohoa na kunguruma palepale mguuni mwa Bubu. Ngu-ngu. Ngu-ngu.

"Mjomba, zima hilo likorokoro! Tuko kazini!"

"Kazini?" Mjomba hakugeuka. "Mwanangu, debe tupu haliachi kuvuma. Hii ndiyo inayokulisheni. Haizimwi."

Basi mwaka mzima Msumari aliimba juu ya mashine, mishipa ya shingo imemtoka, akimlaani mjomba kimoyomoyo.

Ndipo ikatangazwa kwamba mtangazaji wa redio angekuja ukumbini Jumamosi alasiri. Kundi moja lingechaguliwa, wimbo wake urekodiwe na upigwe kila asubuhi kwa mwezi mzima. Msumari aliutaka mwezi huo kuliko kitu chochote. Alitaka awavamie watu wa mji ule jikoni mwao, chai ikiwa bado mdomoni, na wasiwe na la kufanya.

"Binti, huna gauni?" mkuu wa ukumbi alimuuliza mlangoni.

"Ninalo. Nafutia vioo vya magari."

Waliotangulia walikuwa vijana wanne wenye mashati ya sare, wakimlilia kwa wimbo msichana ambaye, kwa kuwatazama tu, ungejua hajawahi kuwasalimu. Wakashangiliwa. Kisha zamu ikawa ya Msumari.

Bubu akapiga mara mbili, akasita. Akaanza tena, mbio, kama anayefukuzwa. Kinyozi akashika njia yake. Msumari akafungua kinywa, sauti ikatoka nyembamba, haina pa kuegemea. Watu wakaanza kucheka. Mkuu wa ukumbi alicheka akijipiga mapaja.

Msumari akageuka amtukane Bubu. Bubu alikuwa anatazama sakafu kando ya mguu wake.

"Haipo," akasema.

"Nini haipo?"

"Mashine ya baba."

Msumari akaelewa, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwaka mzima Bubu alihesabu mapigo kwa kikohozi cha ile mashine, na yeye mwenyewe alichukua sauti yake ya kwanza kwenye mngurumo wake. Aliyewafundisha muziki ni likorokoro.

Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Ngu-ngu," akasema. "Ngu-ngu." Kicheko kikazidi. Akaendelea, macho kwa mkuu wa ukumbi, mpaka Bubu akaingia, kinyozi akafuata, naye akaiacha sauti ya mashine akaanza matusi. Kufikia mtaa wa tatu hakuna aliyekuwa anacheka.

Mtangazaji akawachagua wenye mashati ya sare.

"Ila lile la mdomo lilinivunja mbavu," akamwambia Msumari. "Lingefaa kwa tangazo la matairi."

Msumari akamsonya, msonyo mrefu uliosikika mpaka barabarani.

Jumatatu jioni mji mzima ulikuwa na habari, na mjomba pia. Walipochukua vyombo, aliliacha gari likiwa na rangi ubavu mmoja, akaenda akaizima mashine. Haikuwahi kutokea.

"Haya, imbeni," akasema. "Leo nawaachia."

Gereji ikanyamaza. Bubu akashika vijiti, asivipige. Kinyozi akajifanya anakaza nyuzi. Msumari alimtazama mjomba pale aliposimama, bomba la rangi mkononi, uso umejaa huruma, akaichukia huruma ile kuliko vicheko vyote vya Jumamosi.

"Nani kakwambia uzime?"

"Si umelalamika mwaka mzima?"

"Washa, Mjomba."

"Una wazimu?"

"Hatuwezi bila hiyo," akasema, na maneno yalimtoka kama jino linalong'olewa. Kisha, kabla mjomba hajapata nafasi ya kutabasamu, akaongeza, "Na hiyo rangi unaipaka vibaya."

Mjomba akawasha.