Joto la Kichwa cha Wifi

...aliyeisimulia kwanza alikuwa shangazi, mwaka uliofuata baada ya ugonjwa ule wa zamani kwisha, ameketi chini katikati ya magoti yangu nami najifunza kusuka kwa kichwa chake, kwa hiyo kila neno la hadithi ile lilipita chini ya vidole vyangu, na labda ndiyo maana imerudi sasa, kwa sababu vidole vimegusa kitu, wifi yangu yuko kitini mbele ya kioo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imetishwa, na kichwa kinawaka... si kinawaka, niseme sawasawa, kina joto, joto ambalo kichwa cha mtu mzima hakipaswi kuwa nalo, alikaa juani akiningoja nifungue saluni, hilo linawezekana, jua la leo ni kali, lakini nimegusa nyuma ya sikio, nimegusa kisogoni chini ya nywele ambako jua halifiki, na huko ndiko kwenye moto zaidi, naye anaongea, Chiriku tunamwita nyumbani, barakoa ameishusha kidevuni ili maneno yapite vizuri, kesho basi linaondoka alfajiri, tiketi ameshakata, kiti cha dirishani, mama amesema watalala kitanda kimoja kama zamani, mama mkwe wangu huyo, ambaye akifagiliwa vumbi karibu tu anahema wiki nzima, "Wifi, mbona mikono yako ya baridi leo?" anasema, "ndiyo maana kaka yangu amekonda, unamgandisha," anacheka, nami nacheka ndani ya barakoa, lakini mikono yangu si ya baridi, nimeiosha kwa maji ya moto kabla hajaketi, kama tulivyoagizwa... tulivyoagizwa, ndiyo, redio ya duka la jirani inarudia sasa hivi, anayemjua mgonjwa wa homa hii mpya asitoe taarifa ametenda kosa, faini au kifungo au vyote viwili, halafu muziki, na sehemu ya pili hawaisemi, ile aliyotueleza bibi afya alipotukusanya wasusi na vinyozi chini ya turubai la soko, watu waliuliza faini, waliuliza kufungiwa, kinyozi mmoja akauliza mteja akikohoa nusu ya ndevu zimeshanyolewa afanye nini, amwachie hiyo nusu iliyobaki aende nayo kwao, tukacheka, na mimi nisiyenyoosha mkono nikanyoosha, nikauliza, mtu akichukuliwa, ndugu zake wataambiwa yuko wapi, bibi afya akanitazama kidogo, akasema, "Wataambiwa. Ni haki yao na ni wajibu wetu, tusipotimiza mtushtaki," nyuma yangu mtu akanong'ona, umshtaki mkubwa kwa nauli ya nani, wakacheka tena, mimi sikucheka, kwa sababu baba mdogo alichukuliwa na gari lisilo na madirisha...

nashika maneno ya shangazi kama yalivyo, siongezi chumvi, baba mdogo alichukuliwa mchana, bibi akakimbia nyuma ya gari ameshika kiatu kilichomdondoka mwanawe, hakuambiwa hospitali gani, hakuonyeshwa kaburi, na kuanzia hapo ikawa sheria ya nyumba, wakigonga, humu hamna mgonjwa, shangazi alipougua yeye naye bibi akamficha stoo nyuma ya magunia ya mkaa, wakaja wale wa kusaka wagonjwa nyumba kwa nyumba, bibi akasimama mlangoni na unga mikononi, akawaambia binti yuko kwa mjomba wake, akawauliza kama wanaoa, wakaondoka, shangazi akapona, na hapo kila msikilizaji alicheka, bibi yetu mjanja... kisha shangazi alishusha sauti, kila mara, akasema, "Jirani yetu ndiye aliyekuwa akiniletea uji stooni, alikuwa mwema yule mama, na kichanga chake mgongoni," basi, hadithi iliishia hapo, nami sipendi jambo liachwe njiani, siku moja nikauliza, shangazi, yule jirani alikwenda wapi, shingo yake ikakakamaa chini ya mikono yangu, akasema, "Suka."

Nikasuka. Nasuka, nakaza mno, anauliza kama namvuta makusudi, wifi ni wifi tu, anasema, nasema tulia, nikisema zaidi saluni itafungwa, nitatengwa pamoja naye, mume wangu atasema umemtoa dada yangu kama mwizi, mtaa utasema zaidi, nikinyamaza nafunga ncha za nywele, anapanda basi, anaketi dirishani akimwongelesha wa pembeni mpaka mwisho wa safari, na kitanda cha mama mkwe ni kidogo... miaka yote nimeisimulia hadithi hii kuwa ya gari na kiatu, kumbe stoo ilifanya lile lile lililofanywa na gari, bibi hakuambiwa mwanawe amepelekwa wapi, na jirani hakuambiwa anayemnywesha uji anaumwa nini, akaubeba ugonjwa mpaka kwa kichanga chake, wote wawili walikuwa na haki ya kuambiwa, na jirani haki yake iliishia kwetu, kwa bibi, si kwa mwenye gari... basi nitamwambia Chiriku kwanza, yeye kabla ya mtu yeyote, kwa sauti ya kawaida, ni kichwa chake, halafu twende wote wawili kwa bibi afya, niulize jina la hospitali, niulize wodi, wasiponijibu sitoki mlangoni pao, na viatu vyake nitahakikisha amevaa vyote... anauliza imebaki mistari mingapi, nasema michache, vidole bado viko kisogoni, palepale, joto ni lile lile, anaendelea, mama atasema nimependeza... bibi hayupo, baba mdogo hayupo na hatujui alikolazwa, jirani hayupo, kichanga hakipo, wa hadithi ile amebaki shangazi peke yake, mzee sasa, bado hapendi kuulizwa, na wa hii ya leo, mpaka mstari huu ulio mkononi mwangu, tuko hai wote, mama mkwe yupo, Chiriku yupo, mimi nipo, nafungua mdomo...