Bi Mwiko Bila Mwiko

…na bado hajacheka, dakika ya thelathini na nane sasa na shangazi hajacheka hata mara moja, amekaa wima kwenye kiti kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kliniki, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba, na mimi badala ya kutazama filamu iliyotokana na vibonzo vyangu mwenyewe namtazama yeye kwa pembe ya jicho, shavu lake linageuka bluu, linageuka njano, linageuka bluu tena kwa mwanga wa picha, nasubiri… nasubiri nini, nasubiri aumie, ndiyo, tangu tuingie ukumbini saa nne asubuhi nasubiri shangazi yangu aumie mbele ya waalikwa mia mbili na mimi niwe nimekaa hapa karibu naye nikiwa nimeshika karanga, na nilijaribu kumzuia asije, Mungu anajua nilijaribu, nikamwambia ngazi ni nyingi, akasema ngazi zina mahali pa kushika, nikamwambia kuna baridi ya mashine, akachukua shali, mimi nikachukua koti, nikamwambia kelele yake Shangazi si ya kawaida, akanitazama kama nilivyostahili kutazamwa, akasema, “Nimekaa miaka thelathini na moja katikati ya mashine za kufulia mashuka ya hospitali, mwanangu, sikio moja nimewaachia kule kule, kelele ipi tena itanishinda,” basi nikampa mkono, tukaja, nikamkalisha ili sikio zima, la kulia, liwe upande wangu, niweze kumnong’oneza mambo yakiharibika.

Na yataharibika, maana hapo juu kwenye skrini anaingia tena, yule mwigizaji, mwembamba, sauti ya chini, hana mwiko, Bi Mwiko hana mwiko, watu walishatukana mtandaoni tangu kionjo kilipotoka, mmoja kaandika mmetuibia Bi Mwiko wetu mkatuletea mjane wa benki, na mimi nilisoma yote, moja baada ya jingine, nikajificha chooni nikasoma, nikafurahi kidogo, aibu gani hii lakini nilifurahi, kwa sababu Bi Mwiko wangu, wa kwenye vitabu, ni mnene, ana kidoti juu ya mdomo, anaingia kila mara katikati ya jambo zito, shujaa wangu Mrukapaa yuko dirishani tayari kuruka akaokoe mji, naye anafungua mlango na mwiko mkononi, “Kwanza ule,” na nchi nzima inacheka, miaka ishirini na miwili inacheka, na shujaa anakula huku benki inaibiwa, na yeye hajui, hajui kitu, ndio utamu wenyewe, shangazi amemlea shujaa, anamfulia hata ile suti yake ya kurukia mapaa, na hajui kwamba ni shujaa… alipoingia mara ya kwanza leo, huyu mwembamba, ukumbi ulinyamaza, na shangazi akauliza kwa sauti yake ile ya mtu wa sikio moja, “Huyo ndiye mimi?” na watu wawili mbele yetu wakageuka, nikamnong’oneza, “Si wewe, Shangazi, ni mtu wa kubuni,” jibu lile lile, neno kwa neno, nililompa siku jirani alipomletea toleo la kwanza akiwa anaanua nguo, akalitazama lile jarida mbali na macho kama watu wasio na miwani wanavyotazama, akasema taratibu, “Mtu wa kubuni ana kidoti changu,” akalirudisha, akaendelea kuanua, na leo alishusha pumzi tu, na sijui ile pumzi ilikuwa ya nini.

Walimwita Bi Mwiko sokoni, walimwita Bi Mwiko hospitalini, wagonjwa waliokuwa hawawezi kugeuka kitandani walikuwa wanasema kwanza ule akipita na toroli la mashuka, na siku anastaafu wenzake walimpa mwiko mkubwa kama kasia umefungwa utepe, akacheka, nami nikacheka, nikapiga picha, na sasa hivi tu, nimekaa hapa, nagundua kwamba ule mwiko sijauona tena, si jikoni, si ukutani, si popote pale nyumbani… angalia mbele, wewe mtu mzima, angalia filamu yako. Yule mwongozaji wa filamu amekaa safu ya pili, namwona kisogo, msichana wa miaka thelathini ambaye alisoma vibonzo vyangu chini ya dawati la shule, alikuja ofisini kwangu na daftari, sikumwogopa, nilidhani atauliza suti ni rangi gani hasa, akauliza, “Bi Mwiko akishafunga mlango, akitoka kwenye kisanduku cha picha, anakwenda wapi?” Nikasema anakwenda jikoni. Akaandika, jikoni. “Kufanya nini?” Nikacheka, nikamwambia binti yangu, yeye ni wa kuchekesha, anaingia, anachekesha, anatoka, kila hadithi ina mtu wa hivyo, naye akasema, kwa adabu kabisa, “Nimemsoma tangu nina miaka minane, mzee, na sijawahi kumwona amekaa chini,” nikaanza kutafuta kichwani toleo ambalo amekaa, matoleo mia na arobaini, bado natafuta. Akaomba kwenda kumsalimia shangazi, nikamruhusu, akaenda alasiri mbili, sikwenda naye, nilikuwa na kazi, nilisema nina kazi, na baadaye nilipomuuliza shangazi mlizungumza nini, alisema, “Madoa,” nikacheka tena, ninacheka sana mimi, sijawahi kujiona jinsi ninavyocheka sana…

Haya, sasa, hii ndiyo yenyewe, naijua hii, ni asubuhi kwenye skrini, kijana amelala, na yule mwembamba anapiga magoti anaitoa suti chini ya kitanda, na ukumbi umeanza kucheka tayari kwa sababu kila mtu anakumbuka toleo la saba, Bi Mwiko anadhani ni nguo ya mwanasarakasi wa jirani, anaichemsha, inarudi ndogo, shujaa anaruka mapaa amebanwa kila mahali, toleo lile lilichapwa mara nne, na sasa watacheka, watamcheka na yeye yuko hapa, sikio lake zima liko hapa, mkono wangu umekwenda kwenye mkono wa kiti chake, sijui nataka kumziba macho ama nini… lakini hachemshi. Anaitandaza kitandani kwake. Anatafuta palipochanika, anachukua sindano, na kicheko cha ukumbini kinafifia kama redio ikiishiwa betri, na jirani yake kwenye filamu, amesimama mlangoni, anauliza, “Kumbe unajua siku zote? Kwa nini usimwambie?” na yule mwembamba hainui kichwa, anasema, “Sare ya shule inarudi safi, fulana inarudi na kutu ya mabati. Mimi ni mfuaji. Unadhani sijui kusoma?” na jirani anasema basi mwambie, na yeye anakata uzi kwa meno, “Nikimwambia najua, itanibidi nimkataze. Nisipojua, anakwenda.”

Nini. Subiri… kasema nini, fulana, kutu, hapana, wino, ilikuwa wino, hakuna anayejua habari ya wino, mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau habari ya wino… chuo cha wafamasia, shangazi ndiye aliyenitafutia ile nafasi, alikwenda kusimama mlangoni kwa mfamasia mkuu siku tatu mfululizo na sare yake ya udobi ili mtoto wa marehemu kaka yake apate kusoma, nami niliacha mwezi wa tatu, niliacha, sikumwambia, kwa miezi kumi na minne niliondoka kila asubuhi na koti jeupe la maabara ndani ya begi nikaenda kukaa chumba cha nyuma kiwandani kwa mchapishaji, nachora, jioni narudi, naulizwa masomo vipi, nasema yanaendelea, na koti lile sikulivaa hata siku moja, lilirudi jeupe kama lilivyotoka, halina doa la dawa, halina jasho, na mashati yangu yana wino mweusi hadi kiwikoni, na nani alikuwa anafua, nani, mtu ambaye kwa kutazama shuka tu alikuwa anajua mgonjwa wa kitanda kipi amelala vibaya, na mimi niliamini hajui. Niliamini. Mashati yalirudi meupe, yana harufu ya limau na chumvi, nikadhani ni sabuni mpya. Na koti, yarabi, koti lile alilipiga pasi kila Jumapili, alilitia wanga kola, alilikunja, akaliweka mlangoni na chakula changu juu yake, miezi kumi na minne mtu anapiga pasi koti analojua halivaliwi na yeyote… na ile siku, siku niliyokuja na toleo la kwanza kabisa la majaribio nikamwambia Shangazi, chuo niliacha, mimi ni mchoraji, alikuwa anapika, aliachia mwiko ukaanguka chini, mdomo wazi, macho hivi, nikacheka kwa hofu, usiku ule ule nikauchora ule uso, ndio uso wa jalada, ndio uso uliobandikwa mpaka kwenye madaftari ya watoto, mshangao wa Bi Mwiko asiyejua kitu, na ulikuwa… alikuwa anaigiza. Alinipa mshangao kwa sababu niliuhitaji. Nikauchukua nikauuza kama uso wa mjinga, matoleo mia na arobaini.

Na amemwambia huyu msichana, alasiri mbili tu akamwambia, mbona mimi hakuniambia, miaka yote hii, mezani, hospitalini, kwenye misiba, kwenye gari leo leo hii asubuhi, mbona… maana yule aliuliza. Alikaa, akauliza, akanyamaza. Mimi nilimpelekea majarida. Na kumbe pale kitini hakuwa anasubiri kuumia, alishaumia zamani, pole pole, sokoni na wodini, nikiwa nimesimama karibu na kamera mkononi, leo amekuja kuona kama yule binti alimsikia vizuri, ndiyo maana amekaa wima, ndiyo maana hacheki, anasahihisha, anatazama kazi ya mtu… nataka kutoka, nataka taa ziwake, zikiwaka nitamwambia nini, pole, pole ya mashati, pole ya kidoti, haitoshi kujaza hata kisanduku kimoja. Kwenye skrini amemaliza kushona, anaikunja suti airudishe chini ya kitanda kabla kijana hajaamka, na shangazi anajisogeza mbele kidogo, anatikisa kichwa, anasema kwa sauti ya watu wote, “Anakunja vibaya,” na wale wawili wa mbele wanageuka tena, na mdomo wangu umeshafunguka, ni filamu tu Shangazi, ni mtu wa kubuni, liko ulimini, limezoea kutoka lenyewe, nalimeza, nainama kwenye sikio la kulia, namnong’oneza.

“Wewe ulikuwa unakunjaje?”

Ananitazama kwanza, rangi ya bluu usoni, nadhani hakunisikia na naogopa nitalazimika kuuliza tena na sitaweza. Halafu anauweka mkoba chini sakafuni, analivuta koti langu kutoka magotini kwangu, analitandaza mapajani kwake gizani, na vidole vyake vinatafuta mshono wa bega bila kuangalia. “Mikono kwanza,” anasema, “hivi, ndani. Halafu kola. Mwenyewe asijue limeguswa,” na huko juu yule mwembamba bado anaikunja ile suti, bado anakunja vibaya, na mimi nimegeuka nimempa filamu mgongo.