Lori la Chanjo Mbele ya Jopo

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuogopa mlango wa chumba cha jopo la mtihani, ni Bi Kontena. Ndivyo wenzake wa shahada ya uzamili ya lojistiki ya kimataifa walivyomwita, maana hata kwenye chai mazungumzo yake yalikuwa kontena tu. Mara ya kwanza alipoitetea tasnifu yake aliangushwa vibaya. Safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akianguka tena, shahada aisahau.

Kosa lake lilikuwa la watu wa fani yake hasa. Alichora njia ya kusafirisha chanjo kwa lori la baridi, akapiga hesabu ya masafa, kasi na ushuru, kompyuta ikamsifu. Foleni ya mpakani ikawa nukta nyekundu kwenye ramani, basi. Ndipo Profesa, ambaye wanafunzi walimwita Kizingiti kwa kuwa hakuna aliyempita bila kujikwaa, akamuuliza: kwenye foleni, mtambo wa baridi unawashwa na nani? Bi Kontena hakuwa amelifikiria hilo. Madereva huuzima kuokoa mafuta. Chanjo zake zingefika zimeharibika, nyaraka zikiwa safi kabisa.

Alilia siku ile, tena sana. Kisha akafunga safari hadi mpakani, akashinda juani na madereva mpaka akaijua foleni kama jikoni kwake.

Leo shangazi yake, aliyemlea, alimsindikiza hadi mlangoni, kajikaza ndani ya viatu vinavyombana.

"Mwanangu, usimwogope huyo Profesa. Naye anapiga mswaki kama wewe."

"Shangazi, usinichekeshe, wanja utanitoka!"

Ndani, Kizingiti hakupoteza muda. "Lori umelisimamisha kabla ya kufika mpakani. Kwa nini?"

"Pale kuna yadi yenye umeme, Profesa. Lori linachomekwa, dereva anapumzika, nyaraka zinatangulia. Forodha wakimaliza, ndipo linaondoka."

"Na la mbele yake likiharibikia getini?"

Jibu alikuwa nalo. "Wakala wetu yuko getini, anapiga simu, letu halitoki. Kama limeshatoka, linageuza. Yadi ni ya karibu, joto halitapata muda wa kupanda."

"Maneno matamu. Nani ameyajaribu?"

Hapo Bi Kontena alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akabonyeza kitufe, mchoro ukatokea ukutani. "Kampuni moja ya malori ilikubali. Huo mstari ni joto la ndani ya kontena, kutoka ghalani hadi hospitalini."

Mstari ulikuwa umenyooka. Kizingiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akausogelea ukuta. Alitafuta kosa kama mtu aliyeangusha sindano. Hakuliona.

Wanajopo wakamtoa nje, wakashauriana, wakamwita.

"Umefaulu," alisema Kizingiti. "Hakuna marekebisho."

"Samahani, Profesa. Naomba urudie."

"Umefaulu, mama. Na ukiniruhusu, muhula ujao nitaifundisha kazi hii."

Alitoka mbio. "Shangazi, nimefaulu! Hawajanirudishia hata mstari mmoja!"

Shangazi alipiga kelele ukumbi mzima ukatikisika. Karani akachungulia, kakunja uso. "Jamani, tulieni! Humu watu wana mtihani!"

"Tunaujua, baba," shangazi akamjibu, amemkumbatia binti yake kwa nguvu zote. "Sisi wetu tumeshaushinda."