Mjane Aliyefuga Mbayuwayu

Marennu alipoanza utafiti wake wa shahada ya uzamivu pale Makassar, Indonesia, idara nzima ilikwisha kumjua Mjane wa Sengkang. Mwanamke huyo aliacha daftari la kurasa kumi na tisa, lililoandikwa kwa lontara, mwandiko wetu sisi Wabugis. Profesa Mappasessu, msimamizi wa Marennu, ndiye aliyelisoma kwanza na kulitungia kitabu. "Nyumba yangu imejaa huzuni," ndivyo alivyotafsiri. Kisha zikafuata amri za mjane: madirisha ya juu yazibwe, moto usiwashwe, ngoma isipigwe, mtu asipande juu kabla ya jioni. Kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyelia darasani.

Tatizo la lontara ni kwamba konsonanti inayofunga neno haiandikwi. *Sara* ni huzuni na *sarang* ni kiota, lakini kwenye karatasi yote mawili ni *sara*. Msomaji ndiye anayeamua.

Mwaka wa pili Marennu alikwenda Sengkang kumtembelea shangazi yake, Indo Upe, mfumaji wa hariri. Wakiwa wanakunywa chai, akamsomea ukurasa ule. Indo Upe alicheka hadi chai ikampalia.

"Analia nini huyo? Huyo anafuga ndege!"

"Ndege gani, shangazi?"

"Mbayuwayu! Si wale walio juu ya kichwa chako? Dirisha nimeziba, nimewaachia tundu tu. Nikikoka moto hapa chini, moshi unawafukuza, na Wachina wanaonunua viota kwa bei kubwa wapikie supu hawapati hata kimoja. Nyie wasomi, hamjawahi kufuga hata kuku?"

Marennu hakucheka. Alirudi Makassar akalisoma daftari upya, neno kwa neno, kwa miezi mitatu. *Sara* ilitokea mara saba. "*Sara* nyeupe ni bora kuliko nyeusi," aliandika mjane, na Profesa alikuwa ameeleza kwamba huo ni ushairi. "Msichukue kabla watoto hawajaruka," aliandika tena, na Profesa alimwona mama aliyeachwa na wanawe. Mara sita lilikuwa kiota, wala hapakuwa na ubishi. Mara moja tu, pale mume alipozama ziwani, Marennu aliliacha libaki huzuni.

"Utampinga msimamizi wako mbele ya watu?" aliuliza Sawerigau, mwenzake wa chumba cha utafiti. "Una wazimu wewe."

"Simpingi yeye. Nalipinga neno."

"Haya, kamwambie hivyo hivyo."

Akamwambia. Siku ya kutetea tasnifu ukumbi ulijaa, na Indo Upe alikaa mstari wa mbele, amejifunga sarong yake nyekundu ya hariri. Marennu alisoma vifungu vyote saba kwa sauti, bila kuharakisha, kisha akaweka mezani viota viwili, cheupe na cheusi.

Profesa Mappasessu alikiinua kile cheupe, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kwa nini mtu asipande juu kabla ya jioni?" aliuliza.

"Mchana makinda wako peke yao, Prof. Mtu akiingia wanaogopa, wanadondoka."

"Nani kasema?"

"Mimi hapa!" Indo Upe alidakia kutoka kitini. "Njoo kwangu nikuonyeshe, ila uvue viatu."

Watu wakaangua kicheko. Profesa naye akacheka, akavua miwani na kuifuta.

"Miaka ishirini na minane nimemliza mwanamke huyu bure," alisema. "Kumbe alikuwa tajiri."

Watahini walimpa Marennu daraja la juu kabisa, na marekebisho ya kurasa nne. Wiki iliyofuata Profesa alimwita ofisini. Kitabu chake kingechapwa tena, akasema, na alitaka watafsiri daftari upya pamoja.

"Nitafurahi, Prof," Marennu alijibu. "Lakini jina langu litangulie."

Mzee alimtazama juu ya miwani, akachukua kalamu, akaandika jina la Marennu juu, lake mwenyewe chini.