Tangazo Lililochoshwa na Salamu

Niliota usiku wa jana kwamba tangazo la chuo chetu limevaa suti. Ilikuwa suti ya bluu, ya kuazima, mikono yake mirefu kuliko inavyotakiwa. Kifuani palikuwa na maandishi: Bonyeza hapa. Lilikuwa limekaa kwenye kiti changu ofisini, linakunywa chai yangu.

"Nyamizi," likasema, "twende. Mnada umeshaanza."

Sikushangaa, maana kazi yangu chuoni ndiyo hiyo, kutafuta wanafunzi kwa matangazo ya mtandaoni. Mtu akiandika kwenye simu jambo analolitafuta, tangazo letu linatokea juu kabisa, kabla ya majibu mengine. Kila akilibonyeza, sisi tunakatwa hela. Mwaka huu natangaza kozi ya ufugaji nyuki. Mkuu wa chuo amesema wazi kwamba asipopatikana mwanafunzi mmoja anayepungua ili idadi itimie, kozi inafungwa, na Mwalimu Magohe aliyeianzisha anarudi nyumbani. Mwalimu Magohe alinifundisha mimi. Nampenda kama baba yangu mzazi, nalisema bila aibu.

Tukatoka mlangoni tukajikuta mnadani, mnada wa kweli kabisa wenye mitumba na moshi wa nyama choma. Ila mezani hakuna shati wala suruali. Yanauzwa maneno. Neno "nyuki" limekaa juu ya meza, nene, linajipepea kwa kawa. Anayenadi ni kipaza sauti chenyewe, hakijashikwa na mtu.

"Nyuki! Nani anamtaka nyuki? Muuza asali kaongeza! Muuza dawa ya wadudu kaongeza!"

"Sisi tunaweza nini?" nikauliza.

Tangazo likavuta mifuko ya suruali yake nje, yote miwili, nikaona ilivyo mitupu. "Sisi tunaweza maneno marefu. Bei yake ndogo, kwa sababu hakuna anayeyagombea."

Nikanyoosha mkono. Tukapewa "nataka kusoma kufuga nyuki", limefungwa kwenye gazeti na kamba ya katani. Nilipolipokea tu, mnada haupo. Tuko juu ya ukurasa wa majibu, juu kabisa, na kuna baridi, maana huko juu kuna upepo. Langoni kwetu umesimama mzinga wa gogo uliovaa kofia ya mgambo. Maswali ya watu yamepanga foleni mbele yake.

"Unatafuta nini?" mzinga unauliza.

"Dawa ya kuumwa na nyuki," linajibu swali moja lililovimba jicho.

"Hapa si hospitali. Pita kulia."

"Asali lita bei gani?"

"Pita kushoto."

"Nyuki wameingia darini kwa mama mkwe."

Mzinga unafikiri. "Huyo mama mkwe amemaliza kidato cha nne?"

"Hapana."

"Pita kulia."

Nilikuwa nautazama kwa raha, nikiwaza kuuombea ajira ya kudumu, ndipo nikamwona Mwalimu Magohe anakuja na koti lake la Jumapili. Nyuma yake kuna kwaya nzima, mashemeji, na shangazi yake mmoja aliyekwishafariki. Naye kaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kulisalimia."

Anainua kidole, analibonyeza tangazo kifuani.

"Karibu chuoni, nafasi zipo," linasema tangazo kwa adabu, na hapohapo linapungua. Suti inabaki kubwa.

Hili ndilo nililoshindwa kumwambia tangu tuanze. Kila asubuhi Mwalimu hutafuta kozi yake kwenye simu, akaliona tangazo, akalibonyeza, kisha akawahimiza ndugu wa kwenye kundi la ukoo nao waliunge mkono. Anadhani tangazo ni kama mgonjwa, likitembelewa na wengi linapata nafuu. Jua halijapanda sawasawa, hela ya siku nzima imekwisha na tangazo limezimika. Halafu ananiandikia: "Nimelibonyeza, linapendeza." Sasa mtu kama huyo unamwambiaje?

Kwaya inabonyeza, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Mashemeji wanabonyeza. "Karibu chuoni, nafasi zipo. Karibu chuoni, nafasi zipo." Suti imeshaanguka chini. Tangazo sasa lina ukubwa wa kijiko na sauti ya mbu.

"Nyamizi," linaninong'oneza, "nimebakiza 'karibu chuoni' moja tu."

Wakati huohuo, kutoka chini kabisa ya ukurasa, naliona swali linapanda. Ni refu mno, mwisho wake bado uko huko lilikotoka. Linahema.

"Naomba kujua chuo kinachofundisha kufuga nyuki," linasema, "kwa mtu ambaye anawapenda sana nyuki lakini anawaogopa."

Mzinga unavua kofia. "Huyu apite."

Lakini marehemu shangazi ameshanyoosha kidole.

"Acheni!" nikapiga kelele. Kwaya ikanyamaza. "Mwalimu, kila mkilibonyeza tunalipa sisi. Mnalimaliza."

Mwalimu akakitazama kidole chake. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Ulikuwa unafurahi, Mwalimu. Nilishindwa."

"Nikiliona, naona kozi bado ipo," akasema. "Moyo unatulia, naenda kunywa chai."

Nililia. Ndotoni mtu halii kwa kujizuia, analia yote. Mwalimu akanipigapiga begani, kisha akakitia kidole mfukoni, taratibu, kama anayeweka miwani.

"Shangazi, na wewe mfukoni."

"Sanda haina mfuko."

"Basi fumba ngumi."

Shangazi akafumba, kanuna. Swali likafika mbele ya tangazo, likasita.

"Mnapokea mtu anayeogopa?"

"Karibu chuoni, nafasi zipo," likasema tangazo. Maskini, halijui maneno mengine.

Swali likaanza kugeuka. Ndipo Mwalimu Magohe akachuchumaa, magoti yakalia, akalisogelea mpaka sikioni.

"Hata mimi nawaogopa," akanong'ona. "Mpaka leo. Nikifungua mzinga, miguu inatetemeka ndani ya buti. Usimwambie mtu."

Swali likacheka. Likanyoosha kidole, likabonyeza.

Nikaamka. Kumekucha, mto umelowa, na jirani anafagia uwanja kwa hasira zake za kila siku. Nikachukua simu nikitegemea kukuta "Nimelibonyeza, linapendeza." Haikuwepo. Palikuwa na ujumbe wa namba nisiyoijua: "Habari za asubuhi. Nimeona tangazo lenu. Nawapenda sana nyuki ila nawaogopa. Mnapokea?"

Nikakaa kitandani nikijipa maelezo. Watu wengi wanaogopa nyuki, nikajiambia, hata mimi siwapendi wakiwa karibu. Nikajibu: "Tunapokea. Nafasi imebaki moja, ni yako." Kwa furaha nikakosea herufi mara kadhaa.

Nilikuwa nateremka kitandani simu ilipolia tena. Ni Mwalimu Magohe.

"Nyamizi mwanangu, leo sijabonyeza. Na lile nililomwambia mgeni wetu, tafadhali libaki kati yetu."