Wenye Shida wa Kuazima

Kazi ya kusikiliza watu haitoi jasho, ndiyo maana wengi hudhani si kazi. Muulize yule mshauri nasaha wa kituo kilicho jirani na duka la viatu. Kutwa nzima kiti ni kile kile, boksi la tishu ni lile lile, anayebadilika ni anayelia. Jioni akirudi nyumbani amekamuliwa kama tambara la kudekia, na hapo mumewe anataka kumweleza habari ya bomba linalovuja.

Wengi waliokuja pale hawakuwa na uwezo wa kulipa. Aliyewalipia alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mabati, na mji mzima ulimwita Bwana Mabati. Kila mwaka alisaini hundi, na kituo kikapumua. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga pale. Mwaka huu akatuma ujumbe kwamba kabla hajasaini anataka kuwaona kwa macho yake hao anaowasaidia, kisha apige nao picha moja ya kutundika dukani. Eti wateja wake nao wajue ana moyo.

Jamani! Mtu anayeingia pale huangalia kwanza nyuma yake, asije akaonwa na shemeji au jirani. Leo umwambie njoo utabasamu utundikwe ukutani, chini yako misumari na rangi? Mshauri alikataa katakata. Mkurugenzi, mwalimu mstaafu mwenye moyo mzuri na woga wa kupindukia, akajikuna kichwa siku nzima, kisha akaja na akili yake ya kitoto: watumishi wenyewe wajifanye ndio wenye shida. Bwana Mabati hamjui hata mmoja wao. Siri za watu zitakuwa salama, hundi itasainiwa, na kila mtu atalala vizuri.

Siku nyingine mshauri angemcheka. Lakini alikuwa amechoka, na tena palikuwa na fundi pikipiki.

Huyu fundi alitengeneza pikipiki ya mdogo wake asubuhi, na jioni mdogo wake akafa nayo barabarani. Polisi walisema kosa ni la lori. Fundi hakutaka kusikia. Alifunga gereji, akawa mtu wa kukaa tu, hadi mkewe akamshika mkono akamleta kituoni. Tangu hapo huja kila wiki, hukaa, hutazama viganja vyake mpaka saa iishe, kisha huaga na kuondoka. Neno hatoi. Ila wiki iliyopita alipofika mlangoni aligeuka, akafungua mdomo, akaufunga. Mshauri anaijua dalili hiyo kama mkunga anavyojua uchungu. Hundi isiposainiwa fundi hatarudi, maana mkewe ndiye anayelisha nyumba kwa kufua nguo za watu, na senti ya ziada hana. Na asiporudi sasa, akiwa ameufikia ukingo wa maneno, mshauri aliogopa kwamba hatasema tena maisha yake yote. Basi akakubali kudanganya.

Bwana Mabati alikuja mchana, mtu mpana, mpole kuliko jina lake, simu ya kupigia picha mkononi. Wakamkalisha kwenye chumba cha mshauri. Mbele yake wakapangwa mlinzi, mama wa usafi, dada wa mapokezi, na mshauri mwenyewe aliyejitanda khanga mpaka kwenye paji la uso. Nje, kwenye benchi la mbele, wenye shida wa kweli walikuwa wameanza kufika, na fundi alikuwa miongoni mwao.

Mgeni akataka kujua kila mmoja alisumbuliwa na nini. Mlinzi akasema anaogopa giza. Mlinzi wa usiku huyo, aogope giza! Mkurugenzi akakohoa. Mama wa usafi akamlalamikia mkwe ambaye hajawahi kuwa naye, na akamlalamikia vizuri mno, mpaka Bwana Mabati akatikisa kichwa kwa huruma. Dada wa mapokezi akasema ni mapenzi, akainama, na hakuulizwa zaidi. Wote wakasema sasa hawajambo, wanashukuru. Ikafika zamu ya mshauri.

Alikuwa ameandaa hadithi ya mjane ambaye moyo humwenda mbio. Alipofungua kinywa, mjane hakutoka.

"Silali," akasema.

Alidhani ataendelea na uongo wake. Badala yake akajisikia anasema kwamba akilala husikia sauti za watu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na lake. Kwamba mumewe akimweleza habari ya bomba, yeye humuuliza, na hilo linakufanya ujisikieje, na mume siku hizi hata hacheki. Sauti yake ikaanza kukatika. Aliona aibu, na hakuweza kuacha.

"Nina binti yangu," akasema. "Mambo yake yote sasa anampelekea shangazi yake. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, mama, wewe umechoka, sitaki kukuongezea."

Hapo akalia. Si kilio cha kuigiza, ni kile cha mabega. Mama wa usafi akamsogezea boksi la tishu, na wenzake wakatazama sakafu, kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake zaidi ya hujambo. Mganga hajigangi, husema watu, kisha wakaenda zao wakamwacha mganga peke yake na maumivu yake.

Bwana Mabati aliiweka simu magotini. Akamuuliza taratibu, huja hapa mara ngapi? Mshauri, akili ikiwa haipo, akajibu kweli tupu kwamba huja kila siku.

"Kila siku?" Bwana Mabati akamgeukia mkurugenzi. "Mtu anakuja hapa kila siku na hali yake ndiyo hii? Sasa fedha yangu inafanya nini humu? Bora nijenge choo cha shule, kitaonekana."

Njia ya mwongo ni fupi, na yao ilikuwa imeishia pale kwenye zulia. Mshauri akaona hundi inakwenda, na nyuma ya hundi akamwona fundi akirudi nyumbani na viganja vyake. Akaivua khanga kichwani.

"Mimi si mgonjwa wako," akasema. "Mimi ndiye mshauri. Huyu ni mlinzi, huyu anafagia, huyu yuko mapokezi. Niliyokwambia ni ya kweli, lakini ni yangu. Wale unaowalipia siwezi kukuonyesha. Wakijua wanaonyeshwa hawatarudi, na wengine wakiacha kuja watakufa. Funga mfuko wako ukitaka. Ila usiufunge leo, yupo mmoja anakaribia kusema."

Uso wa Bwana Mabati ulikuwa umewiva kwa hasira, na haki alikuwa nayo. Nani anapenda kufanywa bwege mbele ya mlinzi? Aliyatazama macho ya mshauri, mekundu kwa kilio, kisha akaitia simu mfukoni.

"Huyu naye mtafutieni mtu wa kumsikiliza, nitalipa," akamwambia mkurugenzi. "Lakini mbali na hapa. Humu wote waongo."

Akasimama, akaelekea mlango wa mbele. Mkono ukiwa kwenye kitasa akasita, kwani alisikia watu wakikohoa kwenye benchi. Akakiachia.

"Mlango wa nyuma uko wapi?" akauliza.

Mama wa usafi akampeleka. Tajiri wa mji akapita jikoni, akainamia kamba ya kuanikia matambara, akatokea uchochoroni kwenye pipa la taka, asimwone mtu. Mkurugenzi akamkimbilia na hundi ambayo mgeni alikuwa ameiacha mezani bila kusaini, na alirudi nayo imesainiwa.

Mshauri akanawa uso, lakini uso wa kilio haufichiki kwa maji. Akafungua mlango wa mbele, akamwita fundi. Fundi akaingia, akakaa, na kwa mara ya kwanza hakutazama viganja vyake.

"Dada, umelia?"

Kazi yao ina miiko, na jibu la kumkwepa alikuwa nalo tayari mdomoni. Uchovu ukamshinda.

"Nimelia," akasema.

Fundi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokitafuta siku nyingi.

"Mimi hata kulia nimeshindwa," akasema. "Tangu tumzike. Nikianza tu, najiuliza nani kanipa ruhusa ya kumlilia, na mimi ndiye niliyemtengenezea ile pikipiki?"

Mshauri akavuta kiti chake karibu, akakaa.